Nilifika Tanga Saa Saba Mchana

Ndugu msomaji, makala haya nayaandika ili kuifuta sentensi moja niliyoiandika mwaka 1987. Niliiandika kwa wino mweusi, nikagonga muhuri wa shule, nikaitia katika bahasha ya kaki yenye neno SIRI, nikaipeleka ofisi ya elimu ya wilaya. Sikuitunga mimi. Niliikuta ikisemwa na wakubwa wangu, nikaipokea, nikawarithisha na wanafunzi wangu. Inasema kwamba watu wa pwani ni wavivu. Leo, nikiwa nimevuka miaka 70, nasema hadharani kwamba sentensi hiyo ni uongo, na ninaona haya kwamba nilihitaji umri wote huu ili kuujua.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nimezaliwa kwenye baridi, nimesoma kwenye baridi, na baada ya chuo cha ualimu nikarudi kufundisha kwenye baridi hiyo hiyo hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Dar es Salaam nilifika mara tatu au nne kwa ajili ya semina. Nililala nyumba ya wageni, nikasaini karatasi za posho, nikarudi. Pwani kwa maana ya mji wa watu, wenye mitaa yake, asubuhi zake na usiku wake, sikuijua. Hata hivyo niliifundisha. Nilisimama mbele ya darasa la tano, nikachora ramani ubaoni, nikaeleza joto, minazi na bahari, kisha nikaongeza kwamba kwa sababu ya joto wenyeji wa huko hawapendi kazi. Maneno hayo ya mwisho hayakuwamo kitabuni. Niliyaongeza mwenyewe.

Mwaka 2023 binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi na ameolewa Tanga, alijifungua mtoto wa kiume. Akanipigia simu: "Baba, umri unakwenda. Njoo umwone mjukuu wako." Nikapanda basi Njombe, nikalala njiani, na siku ya pili tukapita Chalinze na Segera kuelekea baharini. Kuanzia hapo nilianza kuona mkonge, safu kwa safu, umenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alikuja huku akiwa kijana, katika miaka ya 1950, akiwa manamba. Alirudi nyumbani na blanketi, baiskeli, na makovu ya miiba kwenye mikono yake yote miwili. Na alirudi na ile sentensi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema kwamba watu wa pwani hawawezi kazi, ndiyo maana Mzungu alitufuata sisi.

Basi letu liliingia stendi ya Kange saa saba mchana. Jua lilikuwa utosini. Hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu, na shati langu lililowana kabla sijapata mzigo wangu. Mkwe wangu alinipokea, tukaelekea mjini. Niliona mitaa mipana yenye miti mikubwa, nyumba za kale zenye kuta nene, na baiskeli nyingi kuliko nilizowahi kuona katika mji wowote, nyingi zimeegeshwa kivulini. Duka moja lilikuwa limefunga mlango nusu. Wazee watatu walikaa barazani wakicheza bao. Kwenye kona, kijana mmoja mwenye mwili wa kazi amelala juu ya mkokoteni wake, kofia usoni, saa saba ya mchana, siku ya Jumatano.

Nakiri kwamba nilifurahi. Mtu hufurahi akiona jambo alilolisema zamani limetimia mbele ya macho yake. Nilisema moyoni: ndiyo haya. Na jioni, tulipokuwa mezani, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mkwe wangu, ambaye ni Mdigo, mzaliwa wa hapo hapo: "Mkwe, mji wenu mzuri, lakini naona watu wanalala mchana." Kijana yule ana adabu. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu: "Baba, ukipenda kesho nitakuamsha saa kumi za usiku, tutembee kidogo."

Aliniamsha. Nje kulikuwa na giza na upepo wa baridi mzuri utokao baharini, na mji ulikuwa macho. Hilo ndilo lililonishtua. Kwenye nyumba ya jirani, mama mmoja alikuwa amekwisha kumimina vitumbua sufuria ya pili. Alikuwa ameamka saa nane. Barabarani baiskeli zile nilizoziona zimeegeshwa zilikuwa zikipita moja baada ya nyingine, zimepakia matenga ya machungwa ya Muheza, magunia ya mkaa, makanda ya nazi, mikate. Tulipofika soko la samaki la Deep Sea, mashua za dagaa zilikuwa zinarudi. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na hizo ndizo siku za dagaa, kwa sababu dagaa hufuata taa. Watu wale waliingia baharini jana yake kabla ya magharibi. Walikaa usiku kucha wakivuta nyavu. Sasa walikuwa wamesimama majini hadi kiunoni wakipokezana ndoo, na ufukweni akina mama walikuwa wamekwisha koka moto chini ya mapipa ya kuchemshia, maana dagaa hawasubiri. Jua likipanda kabla hawajachemshwa, mali imeharibika.

Katikati ya kelele za mnada nikamwona kijana wa mkokoteni. Alikuwa anakimbia, si kutembea, akisukuma barafu na matenga ya samaki. Mkwe wangu alimsalimia na kumwuliza ameanza kazi saa ngapi. Akajibu, bila kusimama, "Saa tatu usiku, kaka." Nikapiga hesabu kwa vidole. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Kijana yule niliyemhukumu jana kwa kulala saa saba mchana hufanya kazi karibu saa tisa kabla mimi, nikiwa mwalimu mkuu, sijawahi hata kugonga kengele ya mstarini.

Siku zilizofuata nilijifunza mengine. Mama mkwe wa binti yangu analima mwani pamoja na wenzake. Nilidhani naye ana ratiba kama ya shamba letu la mahindi: asubuhi kwenda, mchana kurudi. Sivyo. Ratiba yake inatoka kwa bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, hushuka asubuhi na kuinama majini hadi maji yanapoanza kujaa. Kesho yake maji huchelewa kwa karibu dakika 50, naye huchelewa nayo. Yakija maji mafu, hashuki. Hukaa nyumbani akifunga kamba na kuanika. Mgeni akimkuta siku ya maji mafu atasema mama huyu ana siku nzima ya kukaa. Mgeni akija siku ya bamvua hatamkuta kabisa, atasema nyumba haina mtu. Wahenga wa pwani walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mimi niliifundisha methali hiyo kwa miaka 30 bila kujua kwamba inanisema mimi.

Sasa, ndugu msomaji, tuhojiane. Atasimama mtu aseme: mwalimu, hao ni wavuvi na wachuuzi, lakini kwa jumla joto humfanya mtu mzembe. Namjibu kwa mfano wa kwetu. Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba, umande ukiganda kwenye majani, nani kati yetu hutoka kwenda shambani kabla jua halijapanda? Tunakaa jikoni tunaota moto, tunachoma mahindi, tunazungumza. Hakuna mgeni aliyetuandika kwamba sisi ni wavivu wa asubuhi. Wanasema, "Kule kuna baridi," na mambo yanaishia hapo. Basi kama baridi ni sababu ya haki ya kukaa karibu na moto saa moja asubuhi, kwa nini jua si sababu ya haki ya kukaa kivulini saa saba mchana? Mtu mwenye akili hufanya kazi wakati mwili unapoweza kazi. Anayelima saa saba mchana kwenye joto la Tanga, wakati saa kumi na moja alfajiri ipo, hana bidii zaidi. Ana akili pungufu.

Lakini kuna jambo zito zaidi la kuuliza. Sentensi hii ilitoka wapi? Maana haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi yetu. Miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea Tanga yote. Mkonge unataka mikono mingi: ya kukata, ya kufunga matita, ya kubeba, ya kusafisha singa. Wenye mashamba walitazama kwanza kwa majirani zao, watu wa pwani. Na watu wa pwani walipiga hesabu. Walikuwa na nazi, samaki, mihogo, na mji wa kuuzia vyote hivyo. Walipodaiwa kodi, waliweza kuilipa kwa kuuza walichonacho. Kwa nini basi mtu auache mnazi wake akakate miiba ya mtu mwingine kwa kipande cha siku 30 na ujira mdogo? Wengi walikataa. Na mwenye shamba, badala ya kusema "ujira wangu hautoshi," akasema "watu hawa ni wavivu."

Hapo ndipo walipotugeukia sisi. Njombe, Songea, Kigoma, hata Ruanda-Urundi. Kwetu reli haikuwapo. Tuliiona miaka ya 1970, TAZARA ilipopita Makambako. Mazao ya kuuza yalikuwa machache, masoko yalikuwa mbali, na kodi ilidaiwa vile vile. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yakaja kuchukua vijana. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Aliambiwa kwamba Wabena ni watu wa kazi, wenye nguvu, tofauti na wale wa pwani. Maskini baba yangu aliipokea sifa hiyo kama nishani, akaja nayo nyumbani. Hakuona kwamba wale walioitwa wavivu walikuwa na njia ya kukataa, na kwamba yeye aliyeitwa hodari hakuwa nayo.

Nasema hivi bila kumdharau. Mikono yake ilitusomesha. Kwa jasho la watu kama yeye Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Ninachosema ni kwamba sifa ile na tusi lile viliandikwa na mkono mmoja, kwa faida moja. Sisi tuliokuja kuwa walimu wa nchi huru tungepaswa kuvitupa vyote viwili pamoja. Badala yake tuliihifadhi sifa, tukaliendeleza tusi.

Na tuliliendeleza huku ushahidi ukiwa mikononi mwetu. Asubuhi nilikuwa ninafundisha maandishi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji huo huo wa Tanga, mwaka 1909. Mtu huyo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kuanzia forodhani mwaka 1926, na aliandika zaidi ya vitabu 20 katika saa ambazo wengine wanapumzika, kabla ya kufariki mwaka 1962. Asubuhi namsifu, mchana, katika darasa lile lile, nasema watu wa kwao hawapendi kazi. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza, na ninaogopa kwamba hawakuuliza kwa sababu nilikuwa na fimbo.

Sitaki kupamba. Tanga kuna wavivu, kama Njombe kulivyo na wavivu. Ninao hata katika ukoo wangu. Niliona pia vijana wamekaa vijiweni mchana na asubuhi, na hao hawakuwa wametoka baharini. Lakini nilipouliza, niliambiwa baba zao walifanya kazi viwandani. Tanga ulikuwa mji wa viwanda, na vingi vilidhoofika au kufungwa kuanzia miaka ya 1980 na 1990; mkonge nao ulianguka mbele ya kamba za nailoni na uendeshaji mbovu. Kijana ambaye kiwanda cha baba yake kimefungwa hana kazi. Kukosa kazi ni jambo moja, na kuichukia kazi ni jambo jingine, na mwalimu anayeshindwa kutofautisha maneno hayo mawili arudi chuoni. Tena niliwasikia wenyeji wengine wakijitania wenyewe kwa uvivu, wakicheka. Nilisikitika. Tusi likirudiwa sana, hata aliyetukanwa huanza kulivaa.

Sasa nirudi kwenye bahasha ya kaki, maana nisipoieleza nitakuwa nimewahukumu wengine na kujiacha.

Mwaka 1986 tuliletewa shuleni mwalimu kijana wa hisabati kutoka Tanga. Zilikuwa bado siku za Elimu ya Kujitegemea, na kila mwalimu alikuwa na mistari yake katika shamba la shule, ya kulimwa baada ya vipindi, saa tisa alasiri. Mara nyingi nilipopita shambani saa hiyo, walimu wote wameinama, na kijana yule amekaa chini ya mti anasahihisha madaftari. Lakini mistari yake imekwisha limwa, tena vizuri. Mimi sikumwuliza. Niliamua kwamba amewalimisha wanafunzi. Wakati ule mwalimu mkuu alijaza taarifa ya siri ya kila mwalimu, na mwenyewe hakuonyeshwa. Nikaandika: "Mvivu kwa asili, kama walivyo watu wa pwani. Huwatumia wanafunzi kwa kazi zake." Mwaka 1989 akahamishwa, tukaagana vizuri, nikamsahau.

Nilipokuwa Tanga nilimtaja kwa mkwe wangu, na kwa kuwa mji ule watu wanajuana, siku ya pili alikuwa amekwisha kujua anapoishi. Tulimkuta Ngamiani baada ya swala ya alasiri, amekaa barazani, watoto kama 12 wamemzunguka, anawafundisha sehemu kwa kipande cha ubao. Amestaafu naye. Aliponiona alisimama. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Nikaitikia marahaba, na sauti yangu haikuwa imara.

Nilimwambia nilichoandika. Sikupunguza neno. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilijua lazima kuna kitu. Wenzangu niliomaliza nao walipanda daraja, mimi nilikaa miaka minne." Halafu akasema: "Ile mistari, mzee wangu, nilikuwa naenda kuilima baada ya swala ya alfajiri. Nyumbani tumezoea kulima kabla ya jua. Ungeniuliza, ningekwambia."

Alimtuma mtoto alete kahawa. Tukanywa, tukaulizana habari za waliokufa na waliopo. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aseme. Miaka minne ya mshahara wa mtu haiombewi radhi kwa kikombe cha kahawa.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya yamepita. Hayajapita. Tanga, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2005, inabadilika. Bandari yake imeongezwa kina ili meli kubwa zifunge gatini, badala ya kupakuliwa mbali kwa matishari kama zamani. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, limepangiwa kuishia Chongoleani, kando ya mji. Wageni wanakuja, wenye kazi za kugawa. Katika basi la kurudi nilimsikia abiria mmoja, mtu mwenye nguo nzuri na simu mbili, akimweleza mwenzake kwamba afadhali kuleta vijana kutoka bara, hawa wa hapa hawajitumi. Alikuwa amekaa Tanga siku mbili. Ni ile ile sentensi ya mwenye shamba la mkonge, imevaa suti. Nilimgeukia nikamwambia niliyoyaona. Sijui kama alinisikia. Lakini miaka 36 nyuma nilikuwa na kalamu na muhuri, na yeye leo huenda anavyo pia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, hasa vijana mnaopangiwa vituo mbali na kwenu, na wakuu mnaojaza fomu za watu: kabla hamjaandika tabia ya mtu au ya kabila, jiulizeni mlifika saa ngapi. Kama mlifika saa saba mchana, ngojeni. Laleni pale. Amkeni saa kumi, mkaone. Na kama hamna nafasi ya kungoja, basi ulizeni, maana swali ni dogo na halina gharama.

Faili lile sijui liko kabati gani, na mamlaka ya kulifungua sina tena. Kitabu hiki nimekichapisha kwa fedha za kiinua mgongo changu, kwa hiyo humu ninayo mamlaka. Humu naandika, kwa jina langu na bila muhuri, kwamba mwalimu yule wa Tanga hakuwa mvivu. Mistari yake aliilima yeye mwenyewe.